Baba hapumzishi mguu, na amenikataza kumwambia kaka

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni kitindamimba katika familia ya watoto watano, naishi Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Nina mke na mtoto mchanga. Mama yetu alishafariki, na kwa mila zetu mimi ndiye niliyebaki na baba kwenye kihamba, shamba letu la ukoo. Baba ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi.

Masika ya mwaka jana alivaa mabuti ya mvua akaenda kuzibua mfereji. Ndani ya buti kulikuwa na jiwe dogo. Alitembea nalo kutwa nzima bila kujua, na jioni alipovua ndipo tukaona soksi imeloa damu. Alicheka, akasema hasikii chochote. Kidonda kiko kwenye unyayo, nyuma kidogo ya kidole gumba. Mpaka leo hakijafunga.

Kaka yetu mkubwa yuko Arusha, anaendesha watalii mbugani. Mgeni wake mmoja, nesi huko kwao Ulaya, alipoondoka alimwachia paketi ya bandeji za kisasa zenye madini ya fedha. Zilipoisha, kaka akaanza kuzinunua mwenyewe kwenye duka la vifaa tiba na kunitumia kwa basi. Bandeji moja inazidi ninachopata gereji kwa siku. Najua amekopa SACCOS kwa ajili hiyo, na shemeji alishanidokeza kuwa ada za watoto zinachelewa. Mimi nafanya kama nilivyoelekezwa: nanawa mikono, nasafisha kidonda kwa maji ya chumvi ya zahanati, nabandika, nafunga.

Shida ni kwamba baba hatulii. Zahanati walimwambia asiukanyagie ule mguu. Lakini nikishaondoka na pikipiki kwenda gereji, anachukua panga anashuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Tuna ng'ombe wawili wa kulisha bandani. Zamani kazi hiyo alikuwa akiifanya mke wangu, ila sasa ni mzazi na hajamaliza miezi mitatu. Jioni nikifungua bandeji naikuta imejikunja, imelowa, pembeni ina udongo. Nilipomuuliza baba alinishika mkono akasema: "Mwanangu, usimwambie kaka yako. Ataleta gari nipelekwe hospitali, wanikate." Rafiki yake wa jumuiya alikatwa mguu chini ya goti, akafariki kabla mwaka haujaisha. Nikamwahidi baba kwamba sitasema.

Sasa kila Jumapili kaka ananipigia, ananiuliza kidonda kinaendeleaje, nami namjibu kinaendelea vizuri. Si kweli. Ukubwa ni uleule, na ngozi ya pembeni imekuwa ngumu na nyeupe. Wiki iliyopita ameniambia anatafuta mteja wa kiwanja chake cha Usa River ili anunue bandeji nyingine za bei kubwa zaidi. Nikinyamaza, anauza kiwanja bure. Nikisema, nimemsaliti baba.

Na kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Nyumba hii na kihamba vitakuja kuwa vyangu. Dada yetu mmoja alishasema mbele ya watu kwamba anayengoja urithi hana haraka ya kumponya mgonjwa. Mguu ukiharibika mikononi mwangu, watasema nini? Isitoshe, sijui hata kama hizi bandeji zina maana, au turudi kwenye gozi ya kawaida, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na asali kama jirani anavyoshauri. Naomba unisaidie.

Kitindamimba, Kibosho

*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa mtoto, na mama yake mpe hongera yangu.

Umeniuliza mambo mawili kwa pamoja: kama uvunje ahadi uliyompa baba, na kama bandeji za kaka zina maana. Nitaanza na bandeji. Nadhani ukishajua zinaweza kufanya nini na haziwezi kufanya nini, hata ile ahadi utaitazama kwa jicho tofauti.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Ndiyo maana baba alitembea na jiwe kutwa nzima. Wewe na mimi tukiumia unyayo tunachechemea bila kufundishwa, kwa sababu maumivu yanatulazimisha. Baba hana kitu cha kumlazimisha. Madaktari wa Dar es Salaam waliwahi hata kuandika kuhusu wagonjwa wa sukari waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini, wakagundua asubuhi. Ganzi hufika huko. Kwa hiyo unaposema baba hatulii, naomba ufikirie kwamba huenda unaona ukaidi mahali ambapo kuna mguu usiomwambia mwenyewe kwamba umeumia. Anashuka bondeni akijiona mzima.

Na mahali kidonda kilipo, nyuma ya kidole gumba, ndipo uzito mwingi wa mwili hupita kila anapopiga hatua, hasa akipanda mlima na mzigo wa majani. Ile ngozi ngumu uliyoiona pembeni inatokana na mgandamizo huo, nayo yenyewe huongeza mgandamizo zaidi. Nyama changa inayojaribu kuota usiku inasagwa mchana. Ni sawa na kumwaga zege jioni na watu wakapita juu yake asubuhi: hata ununue saruji ya bei gani, haitashika.

Sasa bandeji yenyewe. Bandeji nzuri hufanya kazi chache zinazoeleweka. Hukinga uchafu, hunyonya majimaji yanayozidi, hukiacha kidonda na unyevu wa kiasi, na haing'oi nyama mpya inapobanduliwa. Jambo la unyevu si dogo. Mwaka 1962 mtafiti Mwingereza George Winter alionyesha, kwa majeraha ya ngozi ya nguruwe, kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi upesi kuliko lililoachwa hewani likauke. Kwetu bado watu wengi huanika kidonda juani "kipate hewa". Tangu wakati ule zimetengenezwa bandeji za kila namna: za sponji, za jeli, zinazotokana na mwani wa baharini, zenye madini ya fedha, zenye asali iliyosafishwa kwa matumizi ya hospitali. Nyingi ni nzuri kwa kazi zile nilizozitaja. Lakini kufanya kazi hizo vizuri hakumaanishi kwamba zinafunga kidonda cha sukari haraka kuliko bandeji ya kawaida iliyofungwa vizuri.

Wataalamu wa kimataifa wa mguu wa kisukari, wanaojulikana kwa kifupi kama IWGDF, waliutazama ushahidi wote katika mwongozo wao wa mwaka 2023. Wanashauri bandeji za kuua vijidudu, zikiwemo zenye madini ya fedha, zisitumike kwa lengo la kuharakisha kupona kwa vidonda hivi. Wamesema hivyo hivyo kuhusu asali na bandeji za mwani. Jirani yako ana nia njema, lakini asali ya jikoni haijasafishwa kwa ajili ya kidonda kilicho wazi, nami nisingeiweka hapo.

Ipo aina moja wanayoona inaweza kufikiriwa, yenye kitu kiitwacho sukrosi oktasalfeti. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2018, kwa wagonjwa 240 katika hospitali za nchi 5 za Ulaya. Baada ya wiki 20, vidonda vilivyofunga vilikuwa asilimia 48 kwa waliotumia bandeji hiyo, na asilimia 30 kwa waliofungwa bandeji inayofanana nayo isiyo na dawa. Faida ipo, siifichi. Lakini wagonjwa wale walichaguliwa: mguu wenye ganzi na damu iliyopungua, kidonda kisicho na maambukizi. Na wote, wa kundi hili na lile, walikuwa wakipata huduma kamili, pamoja na kuondolewa mzigo kwenye mguu. Mwongozo unataka kwanza huduma hiyo itolewe kwa angalau wiki 2, na kama kidonda hakijapungua vya kutosha ndipo bandeji hiyo ifikiriwe. Baba yako bado hajapewa nafasi hiyo hata kidogo. Kama kiwanja cha Usa River kitauzwa kwa ajili ya bandeji za aina hii, zitafungwa kwenye mguu unaoshuka bondeni kila siku.

Kwa hiyo kurudi kwenye gozi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali na kufungwa vizuri hakutakuwa dhambi, ikiwa daktari ataona inafaa. Na kuendelea kutumia bandeji zilizobaki kwenye paketi nako si kosa. Swali lenyewe la bandeji zenye madini ya fedha au gozi nadhani limekuzwa kuliko thamani yake nyumbani kwenu, kwa sababu ndilo linaloweza kujibiwa kwa pesa. Kaka yuko mbali. Bandeji ndiyo njia yake ya kuwa kando ya kitanda cha baba.

Kinachofanya kazi kubwa ni kuuondolea mguu mzigo. Kwa kidonda cha unyayo chenye ganzi, njia inayopendekezwa kwanza ni kifaa kinachofika chini ya goti ambacho mgonjwa hawezi kukivua mwenyewe. Mara nyingi ni hogo maalumu, plasta ngumu kama ya mguu uliovunjika, linaloubana mguu wote sawasawa na kusambaza uzito. Uzuri wake unamhusu baba moja kwa moja: halitegemei utii wa mgonjwa. Lakini halifungwi kienyeji. Mguu wenye maambukizi, au usiopata damu ya kutosha, unaweza kudhuriwa nalo. Kama halifai au halipatikani, zipo njia nyingine, kama viatu maalumu au sponji nzito inayobandikwa kwa vipimo. Hayo yote huamuliwa na mtu aliyeushika mguu, si mimi wala kaka yako kwenye simu.

Na hapa ndipo hospitali inapoingia, neno ambalo baba hataki kulisikia. Hofu yake ina sababu. Alimzika rafiki yake. Lakini jaribuni kuulizana, wewe naye, rafiki yule alifika hospitali akiwa katika hali gani. Wengi huchelewa, mguu unavimba, usaha umefika kwenye mfupa, homa imepanda, na hapo daktari anabaki kuchagua kati ya mguu na uhai. Kumbukumbu inayobaki kijijini ni kwamba alikwenda na miguu miwili akarudi na mmoja. Miezi aliyokaa nyumbani kabla ya hapo haihesabiwi. Siwezi kukuahidi kwamba baba hatakatwa hata kidole. Hakuna mtu mkweli anayeweza kukuahidi hivyo. Ninachojua ni kwamba kidonda kisicho na usaha, chenye damu inayofika, kina nafasi nzuri kuliko kile kinachosubiri.

Tena utaalamu huu si wa kuagiza Ulaya. Miaka ya 2000 Tanzania, pamoja na India, ndiko ulikoanzia mpango wa Hatua kwa Hatua wa kuwafundisha wahudumu kutunza mguu wa kisukari, na kwetu uliongozwa na Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Walikuwa wakimfundisha daktari na muuguzi wa hospitali moja kwa pamoja, ili wakirudi wafanye kazi kama timu. Mnazo hospitali za KCMC na Mawenzi chini yenu hapo Moshi. Ulizeni kliniki ya kisukari, na mwende mkisema tangu mlangoni kwamba mgonjwa ana kidonda cha mguu.

Watakachofanya siku ya kwanza hakitishi kama baba anavyofikiri. Watapapasa mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Watamgusa kwa uzi wa nailoni kujua ganzi imefika wapi. Watakwangua ile ngozi ngumu, na kwa sababu ya ganzi huenda asisikie sana. Wataangalia kama kidonda kimefika kwenye mfupa, pengine wapige picha ya eksirei, na watapima sukari yake. Mwambie baba haya moja moja kabla ya kwenda. Mtu huogopa zaidi asichokijua.

Haya, turudi kwenye ahadi.

Naomba utenganishe vitu viwili ambavyo nadhani vimechanganyika moyoni mwako. Siri ya baba ni kwamba anashuka bondeni. Lakini maneno "kinaendelea vizuri" unayomwambia kaka kila Jumapili si siri ya baba, ni maneno yako. Haya ya pili unaweza kuyarekebisha bila kugusa yale ya kwanza. Unaweza kumwambia: "Kaka, kidonda hakipungui kama nilivyokuwa nakuambia. Naomba usiuze kiwanja kwanza mpaka daktari apime mguu." Hujamtaja baba na panga lake. Hatari ni kwamba kaka atauliza kwa nini hakipungui, na wewe utakuwa umesimama mlangoni pa siri. Jiandae kujibu, "Hilo namwachia baba akueleze mwenyewe." Huenda likazua maswali mengine, lakini si uongo.

Njia nyingine ni kumwambia kaka yote leo. Ni haraka, na inakiokoa kiwanja. Ila unamjua kaka yako kuliko mimi. Akiwa mtu wa kupanda gari usiku kuja kugomba, baba anaweza kufunga mlango, akakataa hata wewe kumfungua bandeji. Hapo mguu utakosa mikono pekee inayouhudumia. Kama ni mtu wa kusikiliza, hofu hiyo inapungua.

Unaweza pia kuanza na baba. Mwambie ahadi ile imekulemea, kwamba kaka anataka kuuza ardhi, na kwamba hutaki ardhi ya mtoto wake iende kwa ajili ya kitu unachojua hakisaidii. Mzee wa Kibosho anaijua thamani ya ardhi. Mpe nafasi aseme mwenyewe Jumapili simu ikipigwa. Muulize pia alikuomba ahadi ya nini hasa: ya kuficha, au ya kumlinda asikatwe? Kama ni ya kumlinda, kunyamaza sasa ndiko kunakoivunja. Lakini asipokubali mara moja usimlaumu, na usimpe muda usio na mwisho. Pengine utahitaji mtu wa tatu anayemheshimu, mzee wa jumuiya au nesi wa zahanati. Huyu nesi ni wa thamani, maana ndiye aliyemkataza asikanyage, na akimweleza upya si wewe uliyesema.

Lolote utakalochagua, usiwasahau wale ng'ombe. Baba anatembea kwa sababu wanyama lazima wale, na mkeo ni mzazi. Ukimwambia akae bila kupanga nani atakata majani, umemwambia aache ng'ombe wafe njaa, na hatakubali. Piga hesabu: fedha ya bandeji moja ingemlipa kijana wa jirani majani ya siku ngapi? Kama kaka anataka kutuma kitu kinachoponya, huenda hicho ndicho, pamoja na nauli ya kliniki. Hata kumhamishia ng'ombe mmoja kwa ndugu kwa miezi michache ni jambo la kuzungumza. Tahadhari moja tu: mzee aliyezoea kazi akikalishwa kabisa hujiona ameshawekwa kando. Mpe kazi za kukaa, kupukuchua, kunoa, kumshika mjukuu. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu nimewaona wazee waliokataa kupumzika kwa hofu ya kuonekana hawana faida.

Kuhusu dada na maneno ya urithi, nimeumia kwa ajili yako. Wewe ndiye unayefungua kidonda kila jioni baada ya kutwa ya gereji. Siwezi kuwazuia watu kusema. Ila naona kwamba siri hii ndiyo itakayoyapa nguvu maneno hayo siku mambo yakienda vibaya. Unaweza kuanza kupiga picha ya kidonda kila wiki, rula ikiwa kando yake, na tarehe. Kwanza itamsaidia daktari: kidonda kinachoelekea kupona huwa kimepungua karibu nusu ya eneo lake baada ya wiki 4 za huduma nzuri, na kisipofika hapo mpango hubadilishwa. Pili, siku utakapokuwa tayari, ndugu zako wote wataona kitu kimoja kwa macho yao.

Kuna hali moja ambayo haingoji mazungumzo wala Jumapili. Ukiona wekundu unaosambaa, joto, uvimbe, usaha, harufu, mfupa, kidole kilichobadilika rangi, au baba akapata homa au sukari ikapanda ghafla bila sababu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kidole kikiwa cheusi na kikavu, kifunike kwa kitambaa safi kikavu, usikiloweshe wala kukipaka chochote njiani. Kaka utampigia mkiwa njiani.

Mkifika kliniki, muulize daktari damu inafika vizuri mguuni au la, kidonda kimegusa mfupa au la, na ni njia gani ya kupunguza mzigo inayomfaa mtu anayeishi mlimani. Bandeji iulize mwisho, na beba ile paketi ya kaka aione. Uliza pia bima mliyo nayo inalipa nini. Kisha niandikie, hata kama baba amekataa kwenda, uniambie alisema nini alipokataa, tuanzie hapo.